Kistari cha Mwisho wa Mstari

Mimi kukaa sijui. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nimezaliwa njiani, na hakuwa mbali na ukweli, maana mama yangu alishikwa na uchungu akiwa shambani kwenye mkonge, akanizaa kambini jua halijachomoza vizuri. Kwa hiyo nikianza jambo hapa mkanikuta nimefika kule, mnisamehe, nitarudi. Jambo lenyewe ni la binti yangu, kitinda mimba wangu, na nafasi yake ya chuo, na jinsi alivyoponea chupuchupu kuikosa kwa sababu ya barua iliyokatika katikati. Si barua ya karatasi. Ni hizi za kwenye mtandao, wanazoziita barua pepe.

Binti yangu alikuwa jikoni Mikumi, katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Alianza kwa kumenya. Miaka miwili anamenya tu, viazi na vitunguu, mpaka vidole vikawa vinanuka hata akija nyumbani Kimamba siku za mapumziko. Halafu mpishi mkubwa akaondoka, wakampa sufuria. Ana mkono yule mtoto. Sijui kaupata wapi, maana mama yake, Mungu amrehemu, chumvi hakuwahi kuipatia hata siku moja, na mimi nilikula miaka thelathini na mitatu bila kusema. Wageni wakaanza kuuliza nani kapika. Meneja wake, mtu mwema, akamwombea nafasi katika chuo cha upishi wa hoteli huko Arusha, mwaka mzima, analala hukohuko, akitoka ana cheti. Mara ya kwanza walimkatalia. Mara ya pili wakamkubali, ila kwa sharti: athibitishe kama walivyoeleza kwenye barua waliyoituma, kabla ya saa kumi jioni ya siku waliyoitaja. Asipothibitisha, nafasi anapewa anayemfuata kwenye orodha.

Siku hiyo nilikuwa naijua kama mtu anavyojua jino linalomuuma. Tangu alfajiri nilikuwa nimeizunguka nyumba mara nne. Nimefyeka majani ambayo hayakuwa na kosa. Nimekwenda mpaka stesheni, nikarudi, wala treni haikuwepo siku hiyo na mimi nilijua haipo. Jirani yangu ananiuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwambia natafuta mbuzi. Mbuzi sina.

Simu ikalia saa mbili asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshathibitisha?"

"Bado, baba. Kiungo kimekatika."

Hapa sharti niseme kwamba kosa lilikuwa langu. Watu wote wa umri wake wanasema linki. Linki hii, nitumie linki, linki haifunguki. Lakini Sikukuu iliyopita nilimgombeza mbele ya shangazi zake. Nilimwambia mimi ni baba yake, azungumze na mimi Kiswahili cha watu, asinichanganyie vijineno. Mtoto msikivu. Akaenda akatafuta neno la Kiswahili safi la linki, akalikuta kiungo, akaniletea kwa heshima. Na mimi kiungo nakijua cha namna tatu. Kuna kiungo cha mchuzi, kuna kiungo anayecheza katikati ya uwanja, na kuna kiungo cha mwili. Nikajua ni cha mwili. Siku kama ile nani atanipigia simu kuniambia bizari imekatika?

"Kiungo kipi?" nikamuuliza, huku natafuta viatu.

"Cha chini. Cha juu kinafunguka vizuri, hiki cha chini ndicho hakifunguki kabisa. Nimekibonyeza mpaka nimechoka."

"Usikibonyeze!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Acha kabisa kukibonyeza, utakiharibu!"

"Eh? Sasa nisipokibonyeza, baba, na leo saa kumi ndiyo mwi..."

Simu ikakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikachukua mafuta ya nyonyo ninayochulia, chupa nzima, na vibanzi vinne vya mianzi, na kitambaa cha kufungia. Kufunga mfupa nilijifunza kwenye genge la njia ya reli, ambako nilifanya kazi baada ya mkonge kuniishia. Taruma, lile gogo linalobeba reli, lilimwangukia mwenzetu mguuni, na tulikuwa mbali na kila kitu, basi mzee mmoja wa genge akatuonyesha unavyofunga, usikaze sana, usilegeze sana, na yule mwenzetu akatembea tena, ingawa alitembea kama anayesita. Hiyo ni habari nyingine. Nilipanda bodaboda mpaka Kilosa, na kijana wa bodaboda nilimwambia aongeze mwendo, kisha nikamwambia apunguze, kisha aongeze, mpaka akasimama akaniuliza, "Babu, chagua moja." Kilosa gari la Mikumi lilikuwa halijajaa. Nilishuka mara tatu kuangalia kama abiria wanakuja, na kila nikishuka kiti changu kinakaliwa.

Njia nzima nilikuwa nafikiri habari ya saa kumi. Kiungo cha mwili na saa kumi vina uhusiano gani? Nikaona ndiyo hivyo, amevunjika siku ileile ya kuthibitisha, na ameshindwa kufika panapothibitishwa. Na hapo, nasema kweli, maana nimeshafika umri wa kusema kweli, katikati ya huo woga palikuwa na kitu kidogo kingine. Kilikuwa kinasema: basi haendi. Nikakifukuza. Kikakaa pembeni kikinisubiri, kama mbwa anayejua utamwita tena.

Nilifika Mikumi saa nane kasoro. Pale nyumba ya wageni mlinzi akanisalimia, akaniambia binti yangu yuko steshenari ya ng'ambo tangu asubuhi. Nikavuka barabara, malori yananipigia honi, nikaingia kwenye kile kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua. Binti yangu alikuwa amesimama. Kwa miguu yote miwili. Mikono yote miwili ameiweka kichwani, mizima.

"Baba! Umefuata nini?"

"Kiungo," nikasema. Nikanyoosha vibanzi.

Akaangalia vibanzi. Akaangalia chupa ya mafuta. Mama mwenye steshenari, mtu mzima wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaelewa kabla yetu. Alicheka mpaka akashika meza.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Sasa hii barua utaanza kuifunga upande gani?"

"Marahaba," nikasema. Sikucheka. Baadaye nilicheka, lakini wakati ule nilikuwa bado natafuta pa kuuweka ule woga niliokuja nao tangu Kimamba.

Wakanieleza. Chuo kilimtumia barua meneja, maana ndiye aliyeomba. Meneja akaipokea jana yake akiwa anaondoka na wageni kwenda porini, akaituma mbele kwenye simu ya binti yangu bila kuifungua. Sasa meneja hapatikani. Barua ina viungo viwili, cha juu cha kusoma masharti, na cha chini cha kuthibitisha. Cha juu ni kifupi, kinafunguka. Cha chini ni kirefu kama reli ya kati, na kila ukikibonyeza unaambiwa ukurasa huo haupo.

"Si wangeandikiwa tu waulizwe?" nikasema.

"Tumewaandikia," mama wa steshenari akajibu. "Jibu limerudi papo hapo, kwamba anwani hiyo haisomwi na mtu. Na namba ya simu iliyo chini inaita tu, haipokelewi."

"Barua gani hiyo ambayo haitaki kujibiwa? Huyo si mwandishi, huyo ni mtupa mawe."

"Ndiyo mambo ya siku hizi, mzee."

Alikuwa ameichapa ile barua kwenye karatasi ili waisome herufi kwa herufi. Akaniwekea mbele, akanionyesha kwa kalamu. Mwanzo wa kiungo ulikuwa na rangi ya bluu, na mstari chini yake. Kisha mstari ulipoisha, kiungo kiliruka kwenye mstari wa pili, na kule kilikuwa cheusi kama maneno mengine.

"Unaona? Barua nyingine hutoka kwenye mitambo yenye kipimo cha mstari. Herufi zikifika kwenye kipimo, zinarushwa chini. Kwa maneno ya kawaida hakuna hasara, jicho linashuka tu linaendelea. Lakini anwani ya mtandao inatakiwa iwe kitu kimoja tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, bila nafasi hata moja. Ikikatwa, simu inakiona kipande cha kwanza tu, inakipaka bluu, inadhani imeimaliza. Ukibonyeza, unapelekwa nusu ya njia."

"Kichwa cha treni kimeondoka na mabehewa mawili," nikasema, "mengine yamebaki Kilosa."

"Hasa!"

"Na abiria wako kwenye yaliyobaki."

"Mzee, wewe si wa kufundishwa. Halafu angalia hapa. Meneja alivyoituma mbele, ikaongezewa alama hizi mwanzoni mwa kila mstari." Zilikuwa alama kama mdomo wa kifaranga uliofumbuka, mstari hata mstari, vifaranga wote wanaangalia upande mmoja. "Na mwishoni kabisa, aliyeandika kaweka nukta, kwa sababu sentensi imekwisha. Nukta nayo inang'ang'ania kwenye anwani, wakati si yake."

"Basi viunganishe."

"Nimeviunganisha, mzee. Nimetoa mdomo wa kifaranga. Nimetoa nukta. Nimetoa kistari. Nimeandika upya kwa mkono wangu mara nane. Haifunguki."

"Kistari umetoa?"

"Kipo hapa mwisho wa mstari wa kwanza. Si ndivyo tulivyofundishwa? Neno likikatwa mwisho wa mstari unaweka kistari, ukiliunganisha unakitoa."

Binti yangu akasema ndiyo, ndivyo. Na mimi nikaitikia kwa kichwa, maana hata mimi nilifundishwa hivyo, na ni katika vitu vichache nilivyofundishwa. Nilisoma mpaka darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na ugomvi binafsi na kistari. Hesabu alitusamehe, maana hata yeye hakuziweza, lakini ukikata neno vibaya mwisho wa mstari hakukusamehe. Kila silabi inaishia kwenye irabu, alikuwa akisema, na ukikata, ukate penye irabu. Ba-ba. Sha-mba. Mwenzangu mmoja aliandika sham, akaweka kistari, halafu ba huko chini, na mwalimu akamuuliza darasa zima likisikia: "Ng'ombe ukimchinja, unamkata kwenye mfupa au kwenye kiungo?" Yule mwenzangu akajibu inategemea kisu. Alichapwa kwa makosa mawili.

Basi wakaendelea. Binti anasoma herufi, mama anaandika. Kei. Zedi. Saba. Wanabonyeza, haupo. Wanaanza tena. Mimi nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa, nikagusa mashine ya kopi, nikaambiwa nisiguse. Nikasimama mlangoni. Nikarudi nikauliza saa ngapi. Saa tisa kasoro. Nikauliza tena. Binti yangu akageuka, akanipa ile karatasi.

"Baba, shika hii. Iangalie nje kidogo, kuna hewa."

Alikuwa ananiondoa. Nami nikaondoka. Nikasimama barazani, barabara mbele yangu, malori ya Iringa yanashuka, nyani wawili wamekaa ng'ambo kama watu wanaosubiri gari. Nikaiangalia karatasi kwa sababu nilikuwa nayo mkononi. Kiingereza sikijui. Niliangalia umbo lake tu, kama unavyoliangalia shamba la mtu mwingine.

Nikaanza na kile kistari. Nyuma yake palikuwa na herufi m. M, kistari. Nikasikia mgongo unaniwasha mahali pa zamani. Nani kakata kwenye m? Huyu aliyeandika hakusoma kwetu. Halafu nikasema labda Waingereza wanakata popote. Basi nikaangalia mistari mingine ya barua, nione wanavyokata. Nikashuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka chini. Hakuna neno lililokatwa. Hata moja. Neno likiwa refu halikutosha, limehamia lote mstari wa chini, na upande wa kulia wa barua umebaki una mapengo kama meno ya msumeno. Karatasi nzima mtambo ule haukuweka kistari mahali popote. Haujui kukata neno kwa kistari. Hakuna aliyeufundisha.

Sasa kama mtambo haujui kuweka kistari, hiki kimoja kimewekwa na nani?

Hakikuwekwa na mtu. Ni cha anwani yenyewe. Ni herufi kama herufi nyingine, imetokea tu kusimama mwisho wa mstari, pale ambapo sisi wote watatu, mimi, binti yangu na mama mwenye steshenari, tulishapigwa fimbo tukakubali kwamba kistari kikisimama hapo si chochote, kinatolewa.

Nilijua palepale. Nilijua kama unavyojua taruma lililooza kwa kulikanyaga.

Na sikuingia ndani.

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, mengine yote ningeyasimulia kwa mdomo. Nilisimama pale barazani na karatasi mkononi, ndani namsikia mwanangu anasoma, kei, zedi, saba, na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na hesabu yangu. Watoto wangu wanne. Wa kwanza Mwanza, wa pili na wa tatu Dar, na hao nikiwapigia simu wananiambia wako kwenye kikao. Huyu mmoja ndiye aliye umbali wa kumfikia kwa siku moja. Kila baada ya wiki mbili anakuja Kimamba, anafagia, ananipikia, ananigombeza kuhusu dawa za presha, na tukimaliza kula anakaa tu pale kwenye mkeka hasemi kitu, na ile nyumba inakuwa na mtu. Arusha si umbali huo. Na mwaka si mwaka. Nani amekwenda kusomea hoteli Arusha akarudi kupika Mikumi? Nikajiambia, mimi sijafanya kitu. Sikuikata barua mimi. Mungu ana njia zake, kama imekatika imekatika. Mtu akitaka kumsingizia Mungu hakosi maneno.

Nikatembea mpaka kwenye nguzo ya umeme, nikarudi. Nikatembea tena. Nyani mmoja alinifuata kwa macho kwenda na kurudi. Saa tisa na nusu ikapita. Ndani kukawa kimya, nikadhani wamefaulu, na moyo ukanishuka, na niliposikia "haupo" ukanipanda. Nimeyaandika hayo kama yalivyokuwa. Moyo wangu ulipanda.

Nilipoingia ilikuwa imebaki kama dakika kumi na tano. Binti yangu hakuwa akilia. Ningemkuta analia labda ningeweza kuendelea kunyamaza, maana kulia kunakwisha. Alikuwa na simu sikioni, anaongea na jikoni kwao. "Nakuja," anasema. "Hapana, msimwite mwingine, nakuja mimi. Ule mchele umeshachambuliwa? Niwekeeni na vitunguu, nitamenya." Akakata simu, akaniona, akatabasamu lile tabasamu la mama yake alipokuwa amevunja kitu.

"Baba, acha tu. Labda ni heri. Mimi ningekwenda, nani angekuangalia wewe?"

Hilo lilikuwa wazo langu. Neno kwa neno. Nilikuwa nimelibeba tangu Kilosa, na lilipokuwa kichwani kwangu lilikuwa na harufu ya mambo ya kawaida, ya mzee na mwanawe. Lilipotoka mdomoni mwake lilinuka.

"Mama," nikamwambia mwenye steshenari, "rudisha kile kistari."

"Kipi?"

"Cha mwisho wa mstari. Si cha kukatia. Ni chake."

"Mzee, kistari cha mwisho wa mstari..."

"Najua! Nilichapwa kabla hujazaliwa. Kirudishe. Angalia barua nzima, wapi wamekata neno lingine? Hawakati hawa. Kirudishe usiache nafasi, mbele yake uendelee na tisa."

Aliniangalia juu ya miwani. Akaangalia karatasi, kidole kikishuka mstari hata mstari kama changu kilivyoshuka. Nikamwona anafika chini. "Astaghfirullah," akasema polepole, akaanza kuandika. Binti akawa anasoma, sauti imebadilika, anasoma kama mtu anayetembea juu ya daraja la kamba. Kei. Zedi. Saba. Em. Kistari. Tisa. Nne.

Ukurasa ukafunguka. Juu kulikuwa na picha ya mtu aliyevaa kofia nyeupe ya mpishi, anatucheka.

Jina lake lilikuwa tayari limeandikwa. Palikuwa na mahali pa kuweka namba ya simu, na kisanduku kidogo cha kuweka alama ya vema. Akakosea namba yake mwenyewe mara mbili. Mama wa steshenari akamwambia, "Pumua, mwanangu, haikimbii tena." Akabonyeza. Tukangoja. Mimi nilikuwa nimekaa. Ndiyo mara pekee siku ile nilikaa nisitake kuinuka. Ikaja rangi ya kijani na maneno mafupi, na binti yangu akapiga ukelele mmoja tu, akaniangukia mabegani, ananuka vitunguu.

"Mzee umesoma wapi wewe?" mama wa steshenari ananiuliza.

"Darasa la nne."

"Basi darasa la nne la zamani."

"La zamani lilikuwa na fimbo tu. Elimu ni ileile."

Wakacheka. Binti yangu akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaniuliza, bila kuniangalia, anaikunja ile karatasi: "Baba, umekiona saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikasema. "Nilipoingia."

"Ulikuwa nje muda mrefu."

"Nilikuwa naangalia nyani."

Aliweka karatasi mfukoni.

Aliondoka mwezi uliofuata. Gari la Arusha lilikuwa linapita Dumila, kwa hiyo nilimsindikiza mpaka pale, na tangu asubuhi nilikuwa nimeazimia kumwambia. Nilitaka aende akiwa na baba anayemjua. Kwenye bodaboda sikuweza. Tulipofika, wauza mahindi na nyanya wakatuzunguka, nikanunua mahindi ambayo hakuyataka. Nikasema nitamwambia akishapata kiti. Akapata kiti, cha dirishani, akafungua kioo. Nikasimama chini yake, nimeshika ubavu wa basi kama mtu anayezuia lisianguke. Nikahamia mguu huu, nikahamia ule.

"Baba, tulia basi. Unanitia wasiwasi."

"Nilikiona mapema," nikasema.

Dereva alikuwa ameshawasha injini, na konda anapiga bodi kwa kiganja. Binti yangu akatoa kichwa dirishani, akaweka mkono sikioni.

"Nini, baba?"

Basi likaanza kusogea. Nikatembea nalo, nikakimbia kidogo, magoti yanalalamika, wauza nyanya wananipisha.

"Nimesema ufike mapema!"

"Hilo mwambie dereva, baba!" akapiga kelele, anacheka, na mkono wake ukabaki nje ya dirisha mpaka basi likaingia barabara ya Dodoma.